Kasi ya Mzee Ogola

Ukikosea kugeuza faili la sauti, utajua papo hapo: anayezungumza hutoka kifaranga au hutoka jitu. Mzee Ogola alitoka kifaranga, na mjane wake ameketi mbele yangu dukani, hapa Kisumu, na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

Mama Milka alikuwa ametoka Asembo Bay na bintiye Debra. Walileta kinasa sauti cha marehemu, ambacho ndani yake kulikuwa na pakruok yake ya harusini. Ndivyo Wajaluo wanavyofanya: mtu husimamisha muziki, akajisifu na kuwasifu watu wake, kisha ngoma ikaendelea. Jumamosi ni ibada ya ukumbusho, na mashine ya DJ haisomi mafaili ya kinasa kile. Mimi nilitakiwa kuligeuza faili hilo liwe MP3 tu. Nikajigamba kwamba nitamaliza kabla chai yangu haijapoa.

Basi kifaranga kikalia. Debra akacheka. Mama Milka hakucheka.

"Wahu, nyathina, mwanangu," akaniambia, "hii ndio sauti yake? Ama ni mimi nimeanza kumsahau?"

Swali hilo lilinichoma. Kinasa hukatakata sauti vipande vidogo, maelfu kwa kila sekunde, na programu isipojua ni vingapi, hubahatisha. Yangu ilibahatisha elfu arobaini na nne, ikavisoma mbio. Nikashusha hadi elfu ishirini na mbili. Sasa Ogola akaja na sauti nzito, ya polepole, kama askofu aliyeshiba.

"Hapo iko poa," Debra akasema. "Watu wata-respect. Weka hiyo."

Hata mimi, Mkikuyu ambaye sikuwahi kumwona mzee, niliamini mtu wa kujisifu hadharani lazima awe na sauti kama ile. Nikaanza kuhifadhi.

"Huyu simjui," Mama Milka akasema. "Na yule wa kwanza pia simjui. Sasa Jumamosi nitalia nani?"

Chai ilishapoa. Nikamuuliza kama anayakumbuka maneno yenyewe. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Hayo maneno alisema kila harusi. Nitasahau aje?"

"Basi sema pamoja naye, Mama. Usimngoje."

Nikaanza upya. Kwa ishirini na mbili, Mama alimaliza yote huku mzee bado yuko njiani. Kwa arobaini na nne, mzee alimwacha nyuma kama boti ya injini. Katikati kuna elfu thelathini na mbili, ambayo vinasa vingine hutumia, na ambayo kwa haraka zangu nilikuwa nimeiruka. Nikaiweka.

"Mimi Ogola," wakasema kwa Kijaluo, sauti mbili, "mume wa binti wa Usenge, mwanamke ambaye dagaa wake wa omena, hata wakianikwa juani, hawaonjwi na kunguru."

Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba, ya harakaharaka, wala haikuwa na uaskofu wowote. Walianza pamoja, wakavuta pumzi pamoja, wakamaliza pamoja, na ngoma ya harusi ikarudi ndani ya faili. Debra alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Simamisha muziki," Mama Milka akasema.

Nikasimamisha. Akainuka, akanyoosha kitambaa chake, akalitangazia duka zima.

"Mimi Milka, nyar Usenge, bibi ya Ogola mwenye sauti ya mbuzi. Sijamsahau."

Kisha akaketi, akafuta macho, akaniambia niendelee.