Mashavu ya Mama

Miaka nenda rudi mzee huyu alifundisha kuchora katika chuo cha ualimu, na kila aliyepita mikononi mwake aliujua ugonjwa wake: hawezi kuiona picha ya mtu akaiacha. Atasimama nyuma yako, akohoe, akunyang'anye brashi. "Kidogo tu hapa, mwanangu." Akiondoka, picha si yako tena. Wanafunzi wakambandika jina, Mwalimu Kidogo Tu. "Sisi tunapaka, yeye anafaulu," walicheka. Lakini tusimwonee, mkono alikuwa nao. Ofisi kubwa kubwa zilitundika kazi zake.

Mkewe alipougua akawa mtu wa kitandani, mzee hakukaa chumbani. Mara ana vipindi, mara ana ukuta wa kupaka, sababu hazikumwishia. Aliyekaa ni binti yao. Mama alikataa katakata kupigwa picha za simu, ila alimruhusu binti amchore. Jumanne akamchora kwa rangi ya mafuta, vilevile alivyo: mashavu yameingia ndani, shingo kama kijiti, macho yamekuwa makubwa.

Mama akaitazama kwa muda mrefu. "Ndiyo mimi huyu. Mniweke hivihivi."

Jumatano akafariki.

Walipotoka kuzika, watu wakiwa bado wamejaa uani, mzee aliingia chumbani peke yake akakutana na ile picha. Ikamshinda. Akachukua brashi. Shavu moja, halafu la pili, na wekundu mdomoni. Binti alipomletea chai, alimkuta mama yake mnene, anatabasamu.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimemponya kidogo, mwanangu."

"Mtoe huyo."

Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akafuta taratibu. Lakini rangi ya chini nayo ilikuwa mbichi, na hilo fundi mzima kama yeye alilijua. Shavu alilopaka yeye likatoka, likatoka pamoja na lile alilochora binti. Likabaki doa la kahawia.

"Nitamchora upya," akasema, hamtazami mtu.

"Mchore basi. Huyu wa Jumanne."

Mzee akakaa mbele ya karatasi na kipande cha mkaa. Kila alipojaribu, ulikuja uso wa mkewe akiwa bibi harusi. Akafuta, akachora, akaja yuleyule. Binti alisubiri amesimama hadi chai ikapoa.

"Huyo wa Jumanne humjui, baba," alisema polepole, akatoka kuwahudumia waombolezaji.

Mzee akaendelea kuchora na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka.