Kikohozi Ndani ya Pikapu

Kikohozi kilisikika kwanza, kikavu, kikifuatwa na mvuto mrefu wa pumzi, ndipo pikapu ya Birindwa ilipokunja kona na kuingia gereji ya Tajudini, Buyenzi.

"Fundi, gari yangu inakohoa kama mutu."

"Si kama mutu," alisema Asiya, mke wa fundi, akichambua mchele. "Iyo ni Honoré wa kiwandani."

Birindwa alisikiliza. "Kweli, ni yeye. Basi, safari ya mpaka kule Ruziba atanifikisha?"

"Atakufikisha. Alikohoa miaka yote na kazini hakukosa."

Tangu nchi jirani zilipofunga mipaka, gasketi hazikuingia tena bandarini. Tajudini alizitengeneza mwenyewe. Alichukua mabaki ya pamba yaliyofagiliwa katika kiwanda cha nguo, akayachemsha kwa maji ya majivu, akayatwanga hadi yakawa uji. Uji aliumwaga juu ya wavu, akaukandamiza kwa jeki, akauanika. Ilitoka karatasi nene, ngumu, ya kukatwa kwa mkasi na kufungwa kwenye injini. Gereji zote za mtaa zilimsifu, naye alipenda kusifiwa.

Honoré alikuwa jirani yake. Kikohozi alikipata katika vumbi la pamba. Siku vijana wenye mapanga walipozunguka mtaa, aligonga kwa Tajudini. Tajudini alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Hakulivuta. Asubuhi koti la kazi la Honoré lilikuwa limenasa kwenye geti, kiraka cha kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Lilikuwa pamba tupu. Alikata vifungo, akalitumbukiza kwenye pipa pamoja na mabaki ya kiwanda. Gasketi ya pikapu ya Birindwa ilitoka katika pipa hilo.

Jioni, pikapu ikiwa bado gereji, alikuja Dorothée, mke wa Honoré, aliyesikia habari za kikohozi, na chai ya tangawizi. Aliomba boneti ifunguliwe.

"Pole, baba Raïssa," aliiambia injini, akamimina chai kidogo kwenye rejeta. Kikohozi kikatulia. Kisha akamgeukia fundi. "Siku ile alipita kwako?"

"Apana, mama Raïssa. Nguo yake ilikuja na magunia ya kiwanda."

Injini ikakohoa. Asiya aliinama zaidi juu ya ungo.

"Mungu akubariki," alisema Dorothée. "Wengine hata pumzi hawakurudishiwa. We ni jirani kweli."

Uso wa Tajudini uliwaka. Vifungo vilikuwa mfukoni mwake, alivifumbata visilie.

"Basi uniulizie kule kiwandani. Nani alileta iyo nguo, nani alimuona mwisho. Mi naogopa kwenda."

Birindwa alikuwa ameshika usukani, akingoja. Tajudini alifunga boneti, akasema kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Nitauliza, mama Raïssa. Haki ya Mungu, huyo mutu nitamutafuta mpaka nimuone."