Maua ya Njano ya Mzee Waldo

Kwa siku kumi niliuchukia mti wa jirani yangu, na mimi nikichukia nachukia kweli.

Naitwa Delfina Bracamonte. Nimetembeza barua katika mitaa ya Tucson miaka thelathini na moja, kwenye jua la kuyeyusha soli za viatu, na hakuna mbwa wala bosi aliyenishinda. Chafya ndiyo iliyonishinda. Kila Machi pua inaziba, macho yanavimba, kifua kinapiga filimbi. Mwaka huu ikazidi: asubuhi moja nilikosa pumzi hadi nikakaa chini sakafuni jikoni, nikawaita watakatifu wote ninaowajua, na wawili watatu nisiowajua.

Redio hutangaza kila siku: "Chavua ya miti leo, juu sana." Miti gani, hawasemi. Lakini mimi nina macho. Ng'ambo ya ukuta wangu, kwa Mzee Waldo Lindqvist, kuna palo verde, mti wa jangwani, na palo verde ukichanua huwa njano kuanzia shina hadi ncha. Lile vumbi lake la maua lilijaa kwenye gari langu, kwenye ngazi, hadi ndani ya ndoo ya kudekia. Nilitaka ushahidi gani tena?

Sasa, Waldo si jirani wa salamu tu. Tangu nilipofiwa na mume wangu, miaka kumi na mbili iliyopita, tumekunywa kahawa barazani kwake kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Yeye anapika kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, mimi napeleka mkate mtamu. Alihamia huku kutoka Minnesota akiwa kijana mwenye kifua kibovu, kwa sababu daktari alimwambia hewa ya jangwani itamponya.

"Mzee, huo mti wako unaniua," nikamwambia.

"Palo verde? Huu? Waulize nyuki kama una neno."

"Nyuki hana pua! Ukate."

Akakoroga kahawa yake taratibu. "Delfina, wewe umeanza chafya mwanzo wa mwezi. Maua haya yamefunguka Jumapili."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi mpaka utakapoukata, kahawa yako kunywa na huo mti!"

Nikabeba mkate wangu wote, hata kipande alichokwisha kukiuma, nikaondoka.

Yesenia, binti wa kaka yangu, ni nesi kwenye kliniki ya wenye mzio. Nilipompigia kumweleza, akacheka. "Shangazi, kabla hujamfunga mtu, njoo tukupime. Ila acha vidonge vyako vya mzio wiki nzima, la sivyo kipimo hakitaona kitu."

Wiki ile nisiisimulie. Nilipofika kliniki nilikuwa natembea na taulo badala ya leso. Yesenia akanidondoshea mkononi matone yenye chavua za miti mbalimbali, safu mbili, akachoma kila tone kidogo na kuandika namba kwa kalamu. Tukasubiri robo saa.

"Palo verde ni namba saba," akasema. "Unaona kitu?"

Ngozi ilikuwa shwari kabisa.

"Na hii?"

Namba tatu ilikuwa imeumuka kama andazi.

"Hiyo mforsadi, shangazi. Ule dume, usiozaa, kazi yake kumwaga chavua tu."

"Mforsadi! Nani ana mforsadi siku hizi? Si walishapiga marufuku kuupanda?"

Yesenia akanitazama kwa huruma. "Babu aliupanda kabla ya marufuku. Uko nje ya dirisha lako la chumbani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Baba aliupanda mti ule mwaka niliozaliwa ili tupate kivuli, akachonga jina langu kwenye gome; kwangu ulikuwa mti wa baba tu. Maua yake ni ya kijani, madogo, na sikumbuki kama niliwahi kuyatazama.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia msumeno wa injini. Waldo, mzee wa miaka sabini na tisa, alikuwa juu ya ngazi, na tawi moja la njano lilikwishalala chini. Nikaita, hakusikia. Nikakimbia nikalikumbatia shina la palo verde kwa mikono miwili, maua yakanimwagikia kichwani na shingoni, nami napiga kelele kama nimeibiwa. Akazima injini.

"Si ulisema niukate?"

"Nilikosea! Ni mforsadi wangu!"

Nilitegemea ashangae. Akashuka polepole, ngazi moja moja.

"Najua," akasema. "Hata mimi unanipigisha chafya kila Machi."

"Miaka kumi na mbili! Na hukusema?"

"Mti ule una jina lako, kwa mkono wa baba yako. Ningeanzaje?"

"Sasa huu ulikuwa unaukata wa nini, mzee wewe? Usingesaidia chochote!"

Akafuta miwani kwa shati. "Nimechoka kunywa birika zima peke yangu," akasema.

Nililia, na mtu asiniambie ni mzio. Nilikuwa njano kuanzia utosini hadi viatuni, na sikuwa nimepiga chafya hata moja.

"Huo msumeno ni wa kukodi? Unarudishwa saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa kumi na moja."

Nikautazama mforsadi wa baba juu ya ukuta. Nilikuwa na uchungu, sikatai.

"Basi lete ngazi," nikasema. "Leo tuanze na matawi ya upande wa dirisha. Shina tutaita mafundi, ila gome lenye jina wasiliguse, ni langu. Na kesho saa kumi na mbili nakuja. Kile kipande ulichokiuma nimekuwekea kwenye friza."