Siku Kasuku Alipokwenda Mwendo wa Kinyonga

Shangazi yangu ndiye mwenye ofisi ya kusambaza mizigo. Asubuhi hiyo aliniketisha mbele ya kompyuta, mimi niliyezoea kufungasha tu.

"Mwongozaji wa madereva ameacha kazi," akasema. "Mizigo yote ya leo ikifika kwa wakati, kiti ni chako. Ikishindikana, nitatafuta mtu mwenye mdomo."

Mdomo ninao, ila huwa mzito watu wakinisikiliza.

Kwenye kioo cha kompyuta kila pikipiki ni kidoti kinachofuata simu ya dereva, chenye jina lake. Kasuku, mwepesi wa mdomo na wa mwendo, alibeba gauni la bibi harusi, lifike saluni kabla ya saa tatu. Mzee Taratibu alibeba breki za lori kwenda gereji, zifike kabla ya saa nne. Alfajiri mvua ilinyesha, na ikinyesha madereva hutia simu zao kwenye sanduku la Mzee, kwa kuwa ndilo pekee lisilovuja. Ilipokatika kila mtu alichukua simu, wakaondoka.

Saa mbili na robo Shangazi akachungulia. Kila kidoti kilikuwa kinaelekea kunakotakiwa.

"Mambo shwari," akasema.

Mimi sikuona shwari. Kidoti cha Kasuku kilikuwa kinatambaa, kinasimama kwenye kila tuta kama kinaliomba ruhusa. Cha Mzee Taratibu kilikuwa kinaruka. Na Mzee, tangu nimfahamu, hajawahi kuipita hata baiskeli.

"Shangazi, nadhani wamebadilishana simu."

"Sema nisikie."

"Simu zote ni za ofisi, zinafanana. Mizigo imefungwa, kila mmoja anafuata tu ramani ya mwenzake. Bibi harusi anapelekewa breki."

Shangazi akatafuta pa kukaa.

Niliwapigia wote wawili. Injini ziliwazidi, hawakusikia. Nikapiga simu gereji.

"Kaka, anakuja dereva na gauni jeupe. Msimamishe, anipigie."

"Dada, hapa ni gereji."

"Najua, kaka yangu. Gauni ndilo halijui."

Dakika tatu baadaye Kasuku alipiga. "Dada, hawa mafundi wananicheka, mmoja anataka kulijaribu, halafu..."

"Kasuku, nyamaza."

Akanyamaza. Nadhani alishangaa kuliko mimi.

"Chomeka simu ndani ya helmeti. Nitakusomea njia."

Barabara kuu ilikuwa imejaa magari. Vidoti vya madereva wetu wengine wanne vilikuwa vimeganda hapo. Nikampitisha nyuma ya soko, kushoto kwenye ghala la mbao, kisha uchochoro wa mafundi cherehani. Nilisema bila kupumzika, na sauti ikazidi kupanda, hata wafungashaji wakaacha kazi wakaja mlangoni. Sikuwaangalia. Nilikiangalia kidoti chenye jina la Mzee, kilichombeba Kasuku.

Saa tatu kasoro dakika sita nikasikia wanawake wakishangilia simuni.

"Limepokelewa," Kasuku akasema. "Sasa naruhusiwa kuongea?"

"Nenda kachukue mzigo mwingine."

Shangazi alinyanyuka. "Kumbe mdomo wako ulikuwa unasubiri msongamano wa magari," akasema. "Breki bado, ila kiti ni chako, mwanangu. Kinayumba, lakini utakizoea."

Kabla sijamjibu, simu ikaita kwa jina la Kasuku. Sauti ilikuwa ya Mzee Taratibu.

"Binti yangu, ndiyo kwanza nafika. Ni saluni hii, na wameniambia nivue viatu. Sasa hizi breki nimvalishe nani?"

Wafungashaji wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikakisogeza kiti karibu na meza.

"Vaa viatu, Mzee wangu," nikamwambia. "Gereji inakusubiri mpaka saa nne, na wewe nakujua, kwa hiyo tuanze sasa hivi. Toka, pinda kulia."