Miguu Safi Haitakiwi

Jiwe la kusugulia lilikwisha toa damu kwenye ufa wa kisigino, lakini Khamisa hakuacha. Alikaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ndoo mbele yake, akisugua miguu iliyoliwa na chumvi kwa miaka ishirini ya kulima mwani.

"Na weye unasugua?" Wanu, jirani yake, alimchungulia juu ya ua wa makuti. "Mie nshapaka na hina."

"Mtu atoke kwao kwa ndege, aje ashike mguu wangu una tope? Si aibu hiyo?"

Sheha Mahfoudh, mkuu wa kijiji, alikuwa amepita juzi kutangaza. Wageni wa kanisa moja la ng'ambo wanakuja kuonyesha upendo kwa vitendo: watawakosha miguu wanawake wa mwani, kama Nabii Isa alivyowakosha wanafunzi wake. Khamisa hakuwa na ugomvi na Nabii Isa. Ugomvi wake ulikuwa na siku. Leo ndiyo bamvua ya mwisho, siku ambayo maji hutoka mbali na shamba lote huonekana. Mwani wake umeshaanza kupauka, na mwani uliopauka haungoji mtu. Usipovunwa hukatika ukaenda na maji.

Angekwenda zake shambani, lakini kulikuwa na barua. Mwanawe Nassra amepata kazi ya kufua mashuka hotelini. Hoteli inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka barua ya sheha, na sheha muhuri anatembea nao mfukoni mwa shati kama mali aliyorithi kwa babu yake. Khamisa ameifuata barua hiyo mara tatu; imeshaandikwa, muhuri tu bado. Mara ya tatu Mahfoudh alimwambia, "Njoo kwenye shughuli ya wageni, Bi Khamisa. Kiti chako kikiwa kitupu, na mie wino utakuwa umekauka."

Waliambiwa saa mbili. Saa mbili wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa chini ya turubai ufukweni, kila mmoja na kiti cha plastiki, beseni jipya la buluu mbele yake. Saa tatu wakatazama maji yakitoka. Saa nne mashamba yao yakawa wazi, kamba zote zinaonekana, na wao wamekaa kama maharusi. Basi la wageni lilifika saa nne na nusu.

Wakateremka vijana wenye fulana za rangi moja, na mchungaji wao mwenye kofia pana. Mbele yao alitangulia Abdulhakim, mtu wa mjini mwenye ofisi ya kutembeza watalii. Yeye ndiye aliyeupanga upendo huu: asubuhi kukosha miguu, mchana kunusa karafuu Kizimbani, jioni mishikaki Forodhani. Aliwaamkia wanawake, akainama kutazama miguu yao, uso ukamkunjana.

"Hii mmeifanyaje?"

"Tumeikosha," Wanu akajibu kwa fahari.

"Sheha, mie si nilikwambia miguu ya kazi? Picha itatoka nini hapa? Huyu ana hina kama anakwenda harusini."

Mahfoudh akawageukia wanawake kana kwamba wamemwibia. "Nani kakwambieni mkoshe? Haya, teremkeni mkakanyage tope, mrudi. Dakika tano."

Walikuwa watu wazima, wengine wana wajukuu, na waliojisafisha kwa ajili ya mgeni walikuwa wanaamrishwa wakajichafue kwa ajili ya mgeni huyo huyo. Aliyewaamrisha ni mtoto wa kijiji hiki hiki, waliyemwona akitambaa. Kisha mmoja akacheka, na wote wakateremka.

Wanu alikanyaga tope kwa ncha za vidole, akiihurumia hina yake. "We Khamisa, unakwenda wapi? Tope si hili hapa."

"La hapa jepesi. Nnafuata zito."

Alikaza kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja shambani kwake. Nyuma alisikia jina lake likiitwa na sheha. Akaitika "Naam" kwa adabu, bila ya kugeuka.

Lakini alichelewa. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Alifungua kamba za mwani kwenye vigingi, moja moja, akazishindilia kwenye gunia alilokuwa ameliacha jana limefungwa kigingini. Alipofika kamba ya kumi na mbili maji yalikuwa kiunoni. Kwenye nane zilizobaki aliutazama mwani ukimeguka, vipande vyeupe vikipita ubavuni mwake kwenda zao. Ni kazi ya wiki sita. Akamtukana sheha kwa sauti, matusi ya nguoni, kwani huko nani atamsikia.

Alirudi na gunia kichwani saa sita na nusu. Wenzake walikwisha koshwa. Kiti chake kilibaki, na msichana mmoja mwenye pua iliyobabuka kwa jua alikuwa amepiga magoti mchangani, akimngoja. Sheha alifungua kinywa amkaripie, akakumbuka wageni wanamtazama, akatabasamu. Abdulhakim aliona tope mpaka magotini na damu ya kukatwa na matumbawe.

"Hii sasa ndo miguu," akasema, akamwita mpiga picha.

Khamisa akakaa. Msichana aliponyoosha mikono, akairudisha miguu chini ya kiti.

"Muhuri," akamwambia sheha.

"Baadaye, Bi Khamisa."

"Baadaye lini? Miguu iko hapa, na muhuri uko mfukoni mwako."

Kamera ilikuwa imeinuliwa. Mchungaji akauliza kuna tatizo gani. Mahfoudh akaitoa barua mfukoni, akaigonga muhuri juu ya paja lake, na wino ulikuwa tele.

Khamisa aliikunja barua, akaitia kifuani. Kisha akalichukua jagi mkononi mwa msichana, taratibu, akajikosha mwenyewe: mguu wa kulia, wa kushoto, katikati ya vidole. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Alimrudishia jagi kwa mikono miwili, kwani katika wote huyo peke yake ndiye ambaye Khamisa alimhurumia. "Ahsante, mwanangu."

Mchungaji aliuliza kwa nini amekataa.

"Hajazoea kuhudumiwa," Abdulhakim akamfasiria. Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma, akaliandika hilo kwenye daftari lake, wakapanda basi kwenda kunusa karafuu.

Siku ya pili asubuhi Mahfoudh alipita tena mlango kwa mlango. Kundi jengine linakuja Alkhamisi, na safari hii kila mwanamke aje na miguu yake michafu kutoka nyumbani. Kwa Khamisa alisimama nje, hakuingia.

"Umesikia, Bi Khamisa?"

"Nimesikia," Khamisa akamjibu kutoka ndani. "Mwenye kutaka uchafu aje na wake."