Silabi Iliyoliwa

Hospitalini walimwita Mama Tovuti. Zamani alikuwa karani wa masjala, mtu wa majalada na vumbi, hadi siku daktari mkuu alipomkuta akimfufulia muuguzi simu iliyogoma, akaamua papo hapo kwamba huyo ndiye wa kutunza tovuti ya hospitali. Alipelekwa mafunzo ya siku tatu, akarudi na daftari lililojaa michoro ya vitufe. Mengine alijifundisha mwenyewe: kubadilisha sura ya kurasa, kuunda fomu ya maswali, kubandika programu-jalizi hii ya kuiongezea tovuti uwezo na kung'oa ile. Mwaka wa pili ulipokwisha, wazazi wa watoto waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapewi tena karatasi. Walitumiwa ujumbe wenye kiungo, wakakibonyeza na kusoma maelekezo yote kwenye simu zao.

Kilichomshinda ni tahajia. Vidole vyake vilikuwa na mbio kuliko macho. Jumapili moja wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa sekondari asiyesamehe hata nukta, aliupiga picha ukurasa ulioandikwa "upasauji" akautuma kwenye kundi la familia, na chini yake akaandika kwamba kaka yake alioa kibodi isiyopita hata darasa la kwanza. Watu wakacheka kutwa nzima. Mama Tovuti naye akacheka, maana utani wa mawifi haununiwi, lakini neno lilimkaa rohoni. Jioni wifi akampigia kumpoza, akamwelekeza kiendelezi anachokitumia yeye kusahihishia insha: kijiprogramu kinachokaa pembeni mwa kivinjari na kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno lenye kasoro.

Jumatatu asubuhi alikiweka. Akafungua ukurasa wa maelekezo ya upasuaji wa watoto, na mistari myekundu ikatapakaa kama upele. Maneno thelathini na saba. Aliyakagua matano ya kwanza, na yote matano kiendelezi kilikuwa na haki. Hata "hosptali" ilirudishiwa irabu yake. Wakati huohuo simu ya mezani ilikuwa inalia, daktari mkuu akizitaka picha za wodi mpya. Akaona kitufe kilichoandikwa "Kubali yote". Akakibonyeza, akahifadhi, akanyanyua simu. Ukurasa ulitakata, hauna doa. Akamtumia wifi kiungo chake, kwa kujishaua kidogo.

Jumatano saa tisa alasiri, swali likaingia kupitia fomu. Mama mmoja aliyepaswa kumleta mwanawe kesho yake aliuliza kwa heshima zote: "Mmesema nimlishe mtoto asubuhi kabla ya kuja. Je, uji niufanye mzito au mwepesi?"

Mama Tovuti alilisoma mara mbili. Akafungua ukurasa. Pale alipokuwa ameandika "Usimlishe mtoto asubuhi ya upasuaji," sasa palisomeka "Umlishe mtoto asubuhi ya upasuaji." Kiendelezi hakikulijua lile neno refu, kikatafuta la jirani yake kikaliweka. Silabi moja ilikuwa imeliwa, na sentensi imesimama kichwa chini miguu juu.

Hakuwa daktari, lakini miaka yote ile ya kupanga majalada ilimfundisha kitu: mtoto akipewa dawa ya usingizi na tumbo lina chakula, anaweza kutapika hana fahamu, na matapishi yakaingia mapafuni. Akalirudisha neno lake, akahifadhi, kisha akachungulia kwenye simu yake mwenyewe. "Umlishe." Akahifadhi tena, akachungulia tena. "Umlishe." Ndipo akakumbuka kwamba mwaka jana, watu walipolalamika kuwa tovuti ni nzito, alibandika programu-jalizi inayowapa wasomaji nakala iliyotunzwa badala ya ukurasa wenyewe. Akaifuta ile nakala. Alipochungulia mara ya tatu neno lilikuwa zima.

Hapo ndipo shetani alipomkalia begani. Mfumo ulikuwa na historia ya kila badiliko, na historia ilisema wazi: Jumatatu, saa nne na dakika kumi, jina lake. Kitufe cha kuifuta kilikuwa kando yake. Angekibonyeza, nani angejua? Angewapigia wazazi kimyakimya, akajifanya anawakumbusha tu. Alikaa akikitazama kitufe kile muda ambao baadaye aliuonea haya. Kisha akafikiri, na yule nisiyempata kwenye simu? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi haya hayakuwa yake peke yake. Akainuka, akashika njia ya chumba cha daktari wa usingizi.

Daktari wa usingizi alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kikombe ambacho hakukipeleka mdomoni.

"Kesho ni watoto wangapi?"

"Tisa, daktari."

"Wapigie wote. Usiwaulize kama wameelewa. Waambie wakurudishie kwa maneno yao wenyewe. Mimi nitaongea na wauguzi."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Akapiga simu. Wa kwanza alisema hajausoma kabisa ukurasa, na Mama Tovuti, ambaye siku zote huwalalamikia wasiosoma, akamshukuru kimoyomoyo. Wa pili alikuwa ameshanunua mayai. Wa tatu alikasirika, akauliza kama hospitali hiyo inaendeshwa na wataalamu au na wababaishaji. Alimwacha aseme hadi akachoka, kisha akamwomba arudie maelekezo. Yule mama wa uji alisema alihisi kitu hakijakaa sawa ndiyo maana aliuliza. Kufikia saa kumi na moja na nusu alikuwa ameweka alama mbele ya majina manane. La tisa lilikuwa la msichana wa miaka mitano, upasuaji wa ngiri. Simu ya baba yake ilikuwa haipatikani. Akapiga mara kumi na nne. Akatuma ujumbe, akatuma mwingine. Kwenye fomu hapakuwa na namba ya pili, na hilo nalo lilimuuma, kwa kuwa fomu aliiunda yeye na nafasi ya namba ya pili aliiondoa mwenyewe ili ionekane fupi.

Usiku huo mumewe alimwambia alale, daktari ameshaambiwa. Alilala macho wazi.

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama langoni. Akampokea mmoja mmoja, akamuuliza kila mzazi, akaweka alama. Saa moja na robo wanane walikuwa wameingia, wa tisa haonekani. Akaanza kujipa moyo kwamba labda hawaji. Ndipo mlinzi alipomwambia kuwa wanaotoka upande wa stendi hupitia mlango wa nyuma, wa dobi.

Hakukimbia, maana hospitalini mtu akikimbia wote hushtuka, ila alitembea mpaka kiatu kikamvuka. Kwenye benchi la chumba cha maandalizi alimkuta msichana keshavishwa gauni la upasuaji, anachezesha miguu. Jalada lake lilikuwa juu ya rundo. Muuguzi wa asubuhi, aliyeingia zamu bila kusoma kitabu cha makabidhiano, alikuwa ameweka alama ya vema mbele ya swali la kila siku: "Maelekezo yamefuatwa?"

Mama Tovuti akachuchumaa mbele ya baba. "Samahani, kaka. Mtoto amekula?"

Baba akatabasamu kama mwanafunzi anayejua jibu. "Amekula vizuri sana. Mkate na maziwa, saa kumi na moja. Simu iliisha chaji jana mchana, lakini mliyoandika nilikuwa nimeshayanakili kwenye karatasi." Akaitoa mfukoni, akaikunjua. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Mama Tovuti alilichukua lile jalada kwenye rundo kabla hajasema lolote, akampa muuguzi na kumwambia amwite daktari wa usingizi sasa hivi. Kisha akamgeukia yule baba, akamweleza. Alipofika kwenye hatari yenyewe, baba alimvuta binti yake karibu.

"Nani aliandika hivi?"

Kiendelezi kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mfumo ulikuwa pale pale pia. Yote mawili yangekuwa kweli nusu.

"Mimi," akasema. "Nilibonyeza bila kusoma."

Baba hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni, akauliza kama wanarudi nyumbani.

Hawakurudi. Daktari wa usingizi alihesabu saa kwa vidole, akasema mtoto atakuwa wa mwisho, saa saba mchana, na tone la maziwa lisimguse. Mama Tovuti alikwenda na kurudi mara sijui ngapi, akijifanya ana shughuli kwenye korido ile. Saa nane na nusu walimtoa msichana amelala usingizi wa kawaida, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Baba akamwinamishia kichwa kwa mbali. Mama Tovuti akaingia chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Alasiri ile aliitwa kwa daktari mkuu. Alipewa onyo la maandishi, akalitia sahihi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila alipoomba kuweka tangazo la kosa lile kwenye tovuti, walivutana. Daktari mkuu aliona kwamba kosa limeshasahihishwa, watoto wote salama, kulitangaza ni kujipaka matope. Mama Tovuti akamwonyesha takwimu: tangu Jumatatu ukurasa ulikuwa umefunguliwa mara sitini na moja. Hata ukitoa wafanyakazi na wale wazazi tisa, waliobaki ni wengi.

"Hao ni nani?" daktari mkuu akauliza.

"Ndiyo sijui, mkuu. Huenda wa wiki ijayo. Huenda mtu kampelekea jirani."

Daktari mkuu akaruhusu tangazo likae wiki moja.

Akarudi mezani kwake. Kiendelezi hakukiondoa. Alikizima kile kitufe cha "Kubali yote", kisha akaanza kukilisha kiendelezi maneno ya hospitali, moja moja: usimlishe, usimnyweshe, usimpe, asile, asinywe. Kwenye fomu akarudisha nafasi ya namba ya pili. Halafu akaandika tangazo kwa ukurasa wa mbele, mistari minne, ikitaja siku, kosa na neno sahihi. Alilisoma mara tatu, lakini macho yake hakuyaamini tena. Akatoka hadi mapokezi, akamwomba muuguzi mmoja aje amsomee kwa sauti, polepole, naye akasimama nyuma ya kiti akisikiliza kila silabi.