Nusu ya Ugonjwa wa Dada

Tangu utotoni, dada mkubwa ndiye aliyeumwa na kichwa. Kikimshika, mama alishusha mapazia, akazima redio, na mdogo mtu akatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao wenyewe. Walipokua wakafungua chumba cha ushonaji ubavuni mwa nyumba, mambo hayakubadilika. Dada akilala na kitambaa cha maji usoni, mdogo alishona kazi za watu wawili. Jioni mama alimpelekea mgonjwa supu kitandani; mzima alijipakulia. Mdogo hakulalamika, lakini kijicho kilimkaa rohoni miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi moja alikuwa akikata mkono wa gauni la bibi harusi alipoona kidoa kikimetameta juu ya kitambaa. Akafikicha macho. Kidoa kikakua, kikawa mkanda wa mwanga wenye meno kama msumeno, unaochezacheza, ukaimeza chaki, kisha nusu ya mkasi. Alifumba macho yote mawili, bado aliuona. Akakaa chini, akijua ndiyo anapofuka. Baada ya dakika kama ishirini mkanda ukasogea pembeni, ukatoweka. Kichwa hakikumuuma hata chembe. Mkono wa gauni ulikuwa umekatwa upogo.

Mama aliposimuliwa aliuliza kitu kimoja tu, kama kichwa kinauma. Kwa kuwa hakikuuma, akasema ni uchovu, akarudi kumkanda dada shingo.

Mara ya tatu ilipomjia, mdogo alidanganya. Alishika kichwa, akasema kinapasuka. Papo hapo mapazia yakashuka, kitambaa cha maji kikaja, na mikono ya mama ikawa shingoni mwake. Alilala akideka kama mtoto, mpaka mama alipotoka na dada akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kinauma upande gani?"

Mdogo akageuka kumtazama. "Pande zote."

"Umegeuka haraka mno," dada alisema taratibu. "Mimi kikinishika, hata kumeza mate siwezi."

Mdogo akaona aibu, kisha hasira ikampanda. Akamweleza yote, msumeno wa mwanga, mkasi uliokatika nusu, hofu.

"Wewe ukiumwa, watu wanakuona," alisema. "Mimi napofuka, naambiwa nimechoka. Nimekuonea wivu mpaka wa maumivu yako."

Dada akakichukua kitambaa cha maji, akakikunja.

"Na mimi nikilala humu nasikia cherehani yako ikikimbia," alisema. "Kuna siku nimekuchukia kwa mlio huo tu."

Kesho yake walikwenda zahanati wote watatu. Daktari alimpima mdogo macho na presha, akamwambia achore alichokiona. Alipotazama mchoro na kusikia habari za dada, alisema hicho ni kipandauso, kilekile cha dada yake. Wengine huwapa maumivu, wengine huwaonyesha mianga tu na kichwa kikatulia. Hata hivyo alimwandikia vipimo zaidi, kwa sababu macho si kitu cha kubahatisha.

Mdogo aliomba jina la ugonjwa liandikwe kwenye karatasi. Akampa mama. Mama alilisoma mara mbili, kisha akamwomba radhi kwa sauti ndogo, mbele ya daktari.

Njiani kurudi, jua lilikuwa kali. Mama akamwuliza dada kama amechoka, kabla ya kumwuliza yeye. Roho ikamchoma mdogo kidogo. Akamshika dada mkono, wakavuka barabara.